Ghorofa ya Kwanza Kitengela

Enzi zetu, Kitengela nzima haikuwa na ngazi hata moja. Wewe uliyekulia huko utanielewa. Mji ulikuwa umelala chini kama mkeka: maduka machache kando ya barabara ya Namanga, bucha, kinu cha kusaga mahindi, kanisa la mabati, halafu nyika tupu mpaka macho yachoke. Ukisimama mlangoni mwa darasa letu uliwaona nyumbu wakila nyasi, na mbali nyuma yao vilima vya Ngong. Nyumbu wakiingia uwanjani, mwalimu alipuliza filimbi, tukakaa chini tukawangoja wapite, kisha mpira ukaendelea.

Brikicho kwetu ulikuwa mchezo wa mateso. Mmoja anafumba macho na kuhesabu, wengine mnakimbia kujificha, na pa kujificha hakuna! Tulijificha nyuma ya ng'ombe. Ng'ombe akipiga hatua, nawe unapiga hatua. Akiamua kulala, umeshikwa. Leo watoto wangu wanaishi kwenye jengo lenye makorido na maegesho ya magari chini ya ardhi, mahali ambapo mtu anaweza kujificha mpaka afikie umri wa kupata kitambulisho, nao wameketi kwenye kochi moja wanatafutana kwa simu.

Na ule udongo wetu mweusi, mnaukumbuka? Kiangazi ulipasuka nyufa za kumeza sandali. Mvua ikinyesha ulishika raba za shule, ukazidi kuongezeka kila hatua, hata wewe ukawa umetoka nyumbani mfupi na kufika shule mrefu. Tulikwangua viatu kwa kijiti mlangoni, na rundo la matope lililobaki pale lingetosha kupanda viazi.

Baba yangu alikuwa fundi wa mawe. Alikuwa ametoka Murang'a akiwa kijana, na mwiko mmoja, pima maji na timazi kwenye mfuko wa gunia, akaja Kitengela kwa sababu alisikia kuna kazi. Alijenga ploti, vile vyumba vya kupanga vilivyoshikana mstari mmoja kama mabehewa ya treni, na choo nyuma. Akirudi jioni nywele zake zilikuwa za kijivu kwa saruji. Akioga, ujana unamrudia. Mama alilima sukumawiki nyuma ya nyumba, na punda milia walimsaidia kuivuna bila kuombwa.

Jumapili moja baada ya kanisa alikuja nyumbani Mzee Sironka, baba ya rafiki yangu Nashipae. Alikuwa mfugaji mwenye shamba kubwa pale kando ya barabara. Siku zote alivaa shuka nyekundu na juu yake koti la suti, na fimbo mkononi. Mimi na Nashipae tukainamisha vichwa atuguse utosi, ndiyo salamu ya mtoto kwa mzee wa Kimaasai, akatugusa, akaketi, Mama akamletea chai.

"Fundi," akasema, "nataka nyumba juu ya nyumba."

Baba akadhani hajasikia vizuri. "Ghorofa?"

"Hiyo hiyo. Watu wanakuja kila siku wananiambia niuze shamba yote. Nikiuza, watoto watakaa wapi? Nataka kitu itabaki. Na tena nikikaa juu, nitaona ng'ombe zangu zote bila kusumbua miguu."

Baba akaweka kijiko cha chai chini. "Mzee, sitakudanganya. Nimefanya kazi kwa ghorofa za Nairobi, lakini nilikuwa chini ya wengine. Mimi mwenyewe sijawahi kusimamia hata moja."

Mzee Sironka akamtazama. "Na mimi sijawahi kuwa na moja," akasema. "Tutaanza pamoja."

Alipoondoka, Mama alikusanya vikombe polepole. "Baba Wairimu," akasema, akimwita kwa jina langu, "sisi hapa hatuna shamba. Jina lako ndilo shamba letu. Uangalie unalipanda nini."

Habari ilizunguka mji kabla vikombe havijakauka. Kwenye kinu walicheka, kwenye bucha walicheka zaidi. Wenye kujua walisema udongo wa Kitengela unapumua: unavimba na kunywea, na nyumba yoyote nzito utaimeza kama dawa. Kulikuwa na ploti kadhaa zilizokuwa zimepasuka kuta, na kila mtu alikuwa akizionyesha kwa kidole. Hata baadhi yetu watoto tuliingiza mambo hayo kwenye wimbo wa kuruka kamba, nikauimba na mimi, kwa sababu ulikuwa na mdundo mzuri.

Mchoraji wa majengo kutoka Nairobi alichora mchoro, akasema ule udongo mweusi wote lazima utoke, wachimbe mpaka wafike kwenye mwamba. Basi Baba na vijana wake wakachimba kwa sururu. Wakachimba hata vichwa vyao vikapotea, zikabaki sauti tu zikitoka ardhini na makoleo ya udongo yakiruka juu. Sisi watoto tulifurahi kuliko tulivyoweza kusema. Hatimaye Kitengela ilikuwa na mahali pa kujificha! Mama alitukuta humo jioni moja, akatutoa mmoja mmoja kwa sikio. "Shimo si mama ya mtu," alituambia. "Likikukumbatia halikuachi."

Lakini na yeye shimo lile lilimshika. Alianza kwa kuwapelekea wachimbaji githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria yetu ya nyumbani, kwa sababu Baba alisema mtu mwenye njaa hachimbi, anakwaruza. Wiki iliyofuata akaazima sufuria ya kanisa. Kisha akaweka mabati manne na benchi, akaongeza chai na mandazi, na madereva wa malori ya mawe kutoka machimbo ya Kiserian wakaanza kupanga safari zao wafike saa ya chakula. Nyumbani tulianza kunukia iliki. Mama akatembea kwa namna mpya, kama mtu anayengojwa mahali.

Kisha mvua ikaja mapema. Ilinyesha usiku na mchana, na tulipoenda kuangalia, shimo lote lilikuwa limejaa maji ya rangi ya kahawa mpaka ukingoni. Vyura wa wilaya nzima walikuwa wamehamia. Watu walipotoka kanisani walipitia pale na miavuli yao kutazama, wakitikisa vichwa kwa huruma ya kufurahia. Baba alisimama kwenye ukingo, kofia imelowa.

Ndipo tukasikia kengele. Mzee Sironka alikuwa anakuja na ng'ombe wake, kundi zima, taratibu. Akawafikisha ukingoni, wakainama wakanywa. Akaegemea fimbo yake karibu na Baba.

"Fundi," akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "mimi nilitaka nyumba, wewe umenijengea bwawa. Maji tamu sana!"

Baba alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka hata akashika magoti. Watu wenye miavuli nao wakacheka, na hakuna aliyejua tena anamcheka nani. Kesho yake mvua ikapumzika, na wale wale waliokuja kutazama wakaja na makarai na ndoo. Wakapanga mstari kutoka shimoni hadi mtaroni, morani wenye nywele za kusukwa karibu na akina mama wa kanisa, wakapokezana maji wakiimba, upande mmoja Kimaasai, upande mwingine Kikuyu, kila mmoja akiitikia asichokielewa. Sisi watoto tulipewa kazi ya kuwahamisha vyura. Nashipae alikuwa hodari. Mimi nilikuwa napiga kelele kwanza, nashika baadaye.

Msingi ukajengwa kwa mawe juu ya mwamba. Kuta zikapanda. Ikaja siku ya kumwaga zege la sakafu ya juu, kisha siku nyingi za kungoja likauke, chini yake pamesimamishwa nguzo za mbao kama shamba la miti. Mji mzima ulijua siku ya ukweli ni siku ya kutoa zile nguzo. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, jua kali. Watu walijipanga ng'ambo ya barabara, mbali salama. Baba aliwaambia vijana wake wakae nje. Aliingia peke yake na nyundo.

Tukamsikia: ko! ko! Nguzo inaanguka. Ko! ko! Nyingine. Nilikuwa nimeshika mkono wa Nashipae. Zilipobaki chache tu katikati, Baba alisimama. Tulimwona akitazama juu.

Mama alikuwa kwenye kibanda chake. Akafuta mikono kwa leso, akamimina chai kikombe kimoja, akavuka barabara. Mtu alimwita arudi, hakugeuka. Akaingia chini ya lile zege, akasimama karibu na mumewe.

"Wewe toka huku!" Baba akasema. "Ikianguka je?"

"Ikianguka," Mama akajibu, "mimi hii chai nitampa nani?"

Baada yake akaingia Mzee Sironka, akiburuta kigoda, akaketi katikati kabisa, fimbo kati ya magoti. "Gonga, fundi," akasema. "Ni nyumba yangu, na mimi nataka kuonja kivuli yake."

Baba akagonga. Nguzo ya mwisho ilianguka, vumbi likainuka, na juu hapakutikisika kitu. Kisha akina mama wakapiga vigelegele, morani wakaruka, dereva mmoja wa lori akapiga honi hata mbwa wakakimbia. Baba alikunywa ile chai yote akiwa amefumba macho. Alipotoka nje uso wake ulikuwa umelowa, akasema ni vumbi, nasi tukakubali kwamba ni vumbi.

Siku ya kufungua, mbuzi walichinjwa, lakini niamini nikikwambia nyama haikuwa na wateja. Kila mtu alitaka ngazi. Wengine walivua viatu chini kama wanaingia kwa mkwe. Wengine walipanda vizuri, wakifika juu na kutazama chini wanashuka kinyumenyume wameshika ukuta. Kuna mwanamume mkubwa, sitamtaja maana wajukuu wake wanasoma haya, alishuka amefumba macho, akielekezwa na mtoto.

Koko, mama mzazi wa Mzee Sironka, alikuwa mzee sana na mwepesi kama unyoya, shanga kifuani tabaka kwa tabaka. Mzee alitaka abebwe. Koko akamchapa mwanawe mkono. Alipanda mwenyewe, kidato kwa kidato, akipumzika na kuzitukana ngazi kwa Kimaasai huku Nashipae akitutafsiria ya kutafsirika. Hatimaye akafika juu. Aliangalia nyika, akaangalia ng'ombe, akaangalia nyumbu mbali kule wanasogea kama moshi. Kisha akaonyesha kwa mkono, akizunguka polepole: pale alizaliwa, pale aliolewa, kwenye kile kichaka alimzaa huyu mtoto aliyemsumbua kwa ghorofa. Maisha yake yote alikuwa ameyatembea kwa miguu, na sasa aliyaona yote kwa mara moja.

Akakataa kushuka. Nyama ikapelekwa juu, chai ikapelekwa juu, hata mhubiri akapanda kuombea nyumba huko huko. Jua lilipoanza kuzama ndipo alipokubali, akashuka ameketi, kidato kimoja baada ya kingine, shanga zikilia, akicheka kama msichana wa darasa la pili. Nasi tukashuka nyuma yake vivyo hivyo, tukatoboa nguo za kanisani, na siku hiyo hatukuchapwa.

Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Mwenye duka alitaka ghorofa, mwenye bucha alitaka ghorofa, na wote walimtaka Baba. Kibanda cha Mama kikawa hoteli yenye viti vya kuegemea, kikatusomesha sote. Mzee Sironka alipoaga dunia aliacha nyumba haijapasuka hata ufa, na Nashipae ndiye anayeiangalia. Yule mshika vyura sasa anashika mafundi wa mabomba na wapangaji sugu, na anasema vyura walikuwa rahisi.

Baba na Mama walihamia Kimuka, kwenye nyumba ya chini kabisa. Magoti ya Baba yamegoma. Mtu aliyejenga ngazi za mji mzima hataki kuona hata kizingiti. Nilipomwambia kwamba mwanangu hupanda lifti kutoka chini hadi ghorofa ya kwanza kwa rafiki yake, aliniuliza kama mtoto ni mgonjwa. Nikamwambia ni mzima, ni kijana wa siku hizi tu. Akasema, "Basi ni ugonjwa."

Mimi bado naishi Kitengela, ghorofa ya saba. Nikifungua dirisha naona dirisha la jirani, naye anaona langu, tumekubaliana kuweka mapazia. Nyumbu waliacha kupita. Nyua za kuzungushia viwanja zimekuwa nyingi. Sisemi mji umeharibika. Maji yanafika jikoni, barabara haigandi tena viatuni, na watoto wanalala kwenye chumba kisichovuja. Ni wazee wetu waliotaka haya, na waliyajenga kwa mikono.

Ila zamani zile nilijua kila ukuta wa mji huu umewekwa na nani, alikuwa akiimba nini, na mchana wake alikula nini. Juzi binti yangu mdogo aliniuliza jengo letu lilijengwa na nani. Nikamjibu kwamba ni kampuni. Akatosheka na jibu hilo, akarudi kwenye simu yake. Mimi nilibaki pale dirishani, nimeweka kiganja ukutani, na sikutosheka.