Ilimba ya Theodora Yapima Dawa ya Watoto

Saa nane mchana, jua la Mgori linawaka juu ya bati na upepo unasukuma mlango wa zahanati ya kijiji cha ujamaa. Theodora, mhudumu wa dawa, anagonga ulimi mmoja wa ilimba ya marehemu baba yake, ala ya ndimi za chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Anagonga na wa pili. Anatega sikio.

Ndimi nyingine zote za chuma amezing'oa, akaacha mbili zenye sauti moja. Mmoja hubeba waya uliopimwa mjini kwa uzito wa dozi ya mtoto. Wa pili hubeba dawa ya unga ndani ya karatasi. Ulimi ukibebeshwa kitu, hata punje chache, sauti yake hushuka. Sauti zikilingana, na uzito umelingana.

Mizani ya zahanati imeharibika kwa kutu tangu watu wahamie hapa. Bila kipimo, mganga Bonifasi hagawi unga huo, na kina mama hubeba wagonjwa kwa miguu hadi Singida mjini.

Jaribio la kwanza lilimwaibisha Theodora. Alibandika karatasi kwa nta, kama wapiga ilimba wanavyobandika nta chini ya chuma kutengeneza sauti.

"Asubuhi ilisema kweli, mchana ikasema uongo," anasema. "Nta ililainika kwa joto. Bahati nzuri dawa ile hakupewa mtu. Niliumia sana."

Nta akaitupa. Akatengeneza vibanio vya bati, kimoja kwa kila ulimi, akaifunika ala kwa sanduku lenye tundu la kidole, upepo usiiguse.

"Joto likimshusha huyu, linamshusha na mwenzake. Mapacha hawa, hawaachani!" anasema, akizionyesha ndimi mbili.

Leo ni siku ya kuthibitisha. Bonifasi ameleta pakiti tatu kutoka mjini, na moja tu ndiyo dozi sahihi. Theodora akikosea, ilimba inarudi ngomani. Kwenye benchi, Esta amempakata mwanawe anayechemka homa.

Pakiti ya kwanza. "Imezidi."

Ya pili anairudia. "Imepungua. Kidogo sana, lakini imepungua."

Ya tatu, sauti mbili zinakuwa moja. "Hii hapa, Mganga. Mpe mtoto."

Bonifasi anafunua alama aliyoificha chini ya pakiti, anatabasamu, kisha anakoroga dawa kwenye kijiko. Esta anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Ahsante, mama."

"Haya mwanangu, mshike kichwa anywe."

Theodora sasa anataka kutengeneza ilimba nyingine ya kupimia kwa ajili ya kijiji jirani.

"Na mizani mpya ikiletwa?" Bonifasi anamtania.

"Nitazirudisha ndimi zote," anajibu, akimtazama mtoto anayemeza kwa kukunja uso. "Niipige kwenye harusi ya huyu."