Mafundo ya Odílio

Kwa miaka arobaini na minane Odílio alivua mikizi pale Laguna, kusini mwa Brazili, ziwa la maji ya chumvi linapokutana na bahari, akingoja amri ya pomboo. Wavuvi husimama kwa safu, maji kiunoni, na hakuna anayerusha kimia mpaka pomboo awasukumie samaki na kupiga kichwa majini. Pomboo aliyemzoea Odílio walimwita Fivela.

"Bibie wako huyo anakuja, chomekea shati!" wenzake walimtania.

"Huyu angalau hanifokei," alijibu.

Jumanne moja walimkuta Fivela ufukweni, amekufa maji, amezongwa na jarife, wavu wa kutegea samaki aina ya hongwe, lililopigwa marufuku mahali hapo.

"Mshenzi gani huyu?" alifoka Nereu, jirani wa Odílio safuni. "Nikimjua namvunja mikono!"

Odílio alipiga magoti akaanza kukata nyuzi. Alipofika kwenye pindo, kisu kikasita. Mafundo yalikuwa yake. Jarife hilo alimsukia mkwewe, aliyemwapia kwamba atategea mbali, huko mtoni.

"Vipi, mzee mwenzangu?" Nereu alimuuliza.

Angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyeyatambua.

"Nimelisuka mimi, Nereu."

Nereu hakumgusa. Alichomoa kisu chake mwenyewe, akakata upande wa pili.

Ndipo mtoto wa Fivela akatokea pale wavuvi wanaposimama, akizunguka peke yake. Kupiga kichwa alikuwa bado hajafundishwa na mama yake. Odílio aliingia majini na viatu vyake, akasimama karibu naye, mikono mitupu, akilia.