Siku Baba Alipokuja Kuuona Ukurasa Wangu

Enzi zetu ukurasa wa mtandao ulitengenezwa kwa jasho. Mliosoma Ikwiriri miaka ile ya disketi mtanishuhudia. Kompyuta zilikuwa nne, sisi darasa zima, na jenereta moja iliyokohoa kuliko babu zetu wote. Vumbi la barabara kuu lilikuwa adui namba moja, kwa hiyo kila kompyuta tuliifunika kwa kipande cha kanga. Viatu tulivua mlangoni. Hakuna aliyethubutu kuingia na karanga mfukoni, maana Mwalimu Tatu, aliyekuwa akitufundisha, alikuwa na pua ya kunusa karanga kutoka upande wa pili wa uwanja.

Mimi nilikuwa mtoto wa Mbuchi, huko delta, nikiishi kwa shangazi Ikwiriri ili nisome. Kabla ya hapo elimu yangu kubwa ilikuwa ya dunguni. Waliokulia bondeni wanajua: msimu wa mpunga ukifika, familia nzima inahama nyumba na kwenda kukaa shambani, juu ya kile kibanda cha miti mirefu, kuamia ndege kwa makelele na kombeo kutwa nzima, na kufukuza nguruwe. Nilikuwa hodari wa kombeo, nasema bila kuona haya. Mpunga ukianza kukomaa mama alitutwangia pepeta, mbichimbichi, ina harufu ya moshi na ya shamba, tukaila huku miguu inaning'inia hewani. Watoto wa sasa wanakula vitu vya kwenye pakiti vyenye rangi ya tochi, halafu wanalalamika tumbo.

Kuhama kulikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kusukuma mtumbwi, baba alisimama ufukoni na kuita vitu kimoja kimoja, na aliyekibeba alipaswa kujibu. "Chungu!" "Kipo!" "Kiberiti!" "Kipo!" "Chumvi!" Chumvi aliita mara mbili, kwa sababu mwaka mmoja iliachwa nyumbani tukala kambale wa chukuchuku siku nne. Baba alisema, "Kwenda dungu si kwenda matembezini. Ukiacha kitu, umeacha." Nilikuwa nikimcheka moyoni.

Sasa rudini nami Ikwiriri. Kompyuta zetu hazikuwa na programu yoyote ya kutengeneza tovuti. Tulikuwa na ile ya kuchapia barua tu. Siku moja Mwalimu Tatu akarudi kutoka mjini na disketi yenye kijiprogramu cha nyongeza. Alipokiweka, ile programu ya barua ikaota menyu mpya juu: unaandika kama unavyoandika barua, unapachika picha, unabonyeza, barua inageuka ukurasa wa wavuti. Tulipiga vigelegele hadi mwalimu wa hesabu akaja kuuliza kuna harusi ya nani.

Kila mmoja akaambiwa atengeneze ukurasa wa kwao, na kurasa bora zingeoneshwa kwa wageni kwenye ukumbi mmoja Kibiti. Kamera hatukuwa nayo, kwa hiyo picha tulizichora kwa kipanya. Jamani, kuchora kwa kipanya! Kiboko wangu alitoka kama mto wa kulalia wenye masikio. Dungu nililirudia mara tano. Kilichonitoa kimasomaso ni mikeka ya bibi yangu: nilipanga rangi zake mstari kwa mstari, zambarau, kijani, nyekundu, kama ukili unavyoshonwa, na hapo hata Shomari aliyekaa jirani yangu akaacha kunicheka. Shomari alikuwa mtoto wa pale barabara kuu, kwao wana duka la ufuta, hajawahi kulala dunguni hata siku moja, lakini kwa kompyuta alijiona profesa.

Wiki hiyo hiyo ukaja ujumbe kutoka Mbuchi. Mpunga umetoa masuke, mama ana mtoto mchanga, wadogo zangu kombeo hawaliwezi. Nirudi. Baba alimwambia mleta ujumbe aniambie, "Ndege hawangoji mtihani." Nilijua maana yake. Msimu ni miezi, na wenzangu watatu waliokwenda kuamia mwaka uliotangulia walirudi wakakuta nafasi zao za kompyuta zimechukuliwa, wakaishia kuacha shule kabisa. Nililia kwenye kanga ya shangazi mpaka ikalowa.

Mwalimu Tatu akamwandikia baba barua: mzee, kabla hujamchukua, njoo Kibiti uone kazi yake, halafu uamue. Baba akajibu atakuja, na kwamba tutaondoka pamoja siku hiyo hiyo.

Siku ya kwenda Kibiti tulihamishia kazi zetu kwenye disketi. Shomari akanakili ukurasa wake, akaitia disketi mfukoni, akaanza kupiga mluzi. Mimi mkono ukasita. Nikajikuta naita kimoyomoyo: ukurasa, upo, kiboko, yupo, mikeka, ipo. Nikaona picha zimekaa kwenye folda yao peke yao, nje ya ukurasa, na disketi ya kwanza imejaa. Nikaomba ya pili, nikazitia picha humo, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Shomari akasema nafungasha kama naolewa.

Ukumbini baba alikuwa amefika, kanzu imepigwa pasi, na kapu tupu mkononi kwa ajili ya vitu vyangu. Nikamwamkia, akaitikia, akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Shomari alitangulia. Maandishi yake yalitokea vizuri, lakini penye picha palikuwa na vijumba vyeupe vyenye alama nyekundu ndani. Wageni wakatazamana. Ikaja zamu yangu, nikatumbukiza disketi, nikafungua. Vijumba vitupu vilevile!

"Mwanaidi," baba akauliza taratibu, "vijumba hivi vya nini?"

"Vya picha, baba."

"Na picha zenyewe umeziacha wapi?"

"Sikuziacha. Ninazo hapa." Nikaifungua kanga, na papo hapo nikaelewa. "Baba, chumvi iko mtumbwi mwingine!"

Baba hajui kompyuta mpaka leo, lakini hilo alilielewa kabla ya mgeni yeyote. Akasema, "Basi ivushe, mwanangu. Unangoja nini?"

Nikatengeneza folda moja kwenye ile kompyuta ya ukumbini, nikaushusha ukurasa, nikazishusha picha kando yake, nikafungua upya. Mikeka ya bibi ikajaa kioo kizima. Dungu likasimama. Kiboko naye akatokea, wageni wakacheka na kupiga makofi, na mmoja akaniuliza kama kweli mto umeota masikio. Niliringa siku ile, na nikikumbuka bado naringa.

Baba hakupiga makofi. Alimgeukia Mwalimu Tatu. "Hii kaifanya mwenyewe?"

"Mwenyewe, mzee. Hakushikwa mkono."

Akautazama ule ukurasa muda mrefu. Kisha akalikunja lile kapu tupu, akalitia kwapani. "Kaa usome," akaniambia. "Ndege nitawaamia mwenyewe."

Na aliwaamia. Mimi nikabaki kwenye kiti changu hadi nikamaliza, na leo ni mimi ninayefundisha kompyuta Kibiti. Wanafunzi wangu wanatengeneza ukurasa kwa simu huku wamelala chali, picha zinajipanga zenyewe, na mtandao ukisita dakika mbili wanashika tama kama wamefiwa. Binti yangu ananiambia, "Mama, mlikuwa mnateseka bure." Ukurasa wake wa mapishi umependwa na watu wa nchi nisizozijua. Namwonea fahari, tena sana, ingawa wali wake wenyewe huwa unaungua.

Ila hajawahi kuniuliza ilikuwaje shule ilipofungwa mwaka ule nikarudi Mbuchi. Nilimkuta baba kwenye ngazi ya dungu, amekonda, amenifungulia mikono, na hawezi kuniita jina. Sauti yote ilikuwa imeishia kwa ndege. Ukurasa wa binti yangu umeonwa na maelfu. Wangu uliwahi kuonwa na watu wa ukumbi mmoja tu, na mmoja wao aliulipia kwa sauti yake, msimu mzima.