Mafiga Kati ya Mlango na Shimo

Nyumba yetu ya kijijini Kashebere ilikuwa ya mbao, na mbao hazizuii risasi. Tulilijua hilo siku risasi moja ilipopita ukutani, ikatoboa sufuria na kutokea upande wa pili. Tulikuwa na watoto wawili: msichana wa miaka mitano na mdogo wake wa kiume, aliyeanza kutambaa. Bwana wangu akachimba shimo chini ya kitanda, nami nikatandika humo majani makavu ya migomba.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani aliwafundisha. Alipiga mlango kwa kiganja, pa, kama mlio wa bunduki, na msichana akambeba mdogo wake mbio mpaka shimoni.

"Mukisikia ile, musilie," aliwaambia. "Musitafute mama. Mukimbie mu shimo."

Msichana aliupenda mchezo huo. Mimi niliinamisha kichwa kila mara, ingawa nilijua ni kiganja tu.

Kisha nikaogopa kupikia nje. Watu wenye bunduki walifuata moshi wa vyungu, wakala chakula na kuchukua walichotaka. Nikaingiza mafiga ndani. Chumba kilikuwa kimoja, nikayaweka palipokuwa na nafasi, kati ya mlango na kitanda.

Jirani yangu alikuja kuomba chumvi, akakohoa.

"Mama, unapikia mu nyumba? Utakausha batoto sawa samaki."

"Afazali moshi kuliko risasi," nikamjibu, tukacheka.

Akayatazama mafiga, akakitazama kitanda, akachukua chumvi akaondoka. Sikuwahi kumuuliza aliona nini.

Mchana mmoja maharagwe yalikuwa yanachemka. Watoto walikaa kizingitini wakiota jua, nami nilikuwa nyuma ya nyumba nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Barabarani kamio iliyojaa mizigo ya mfanyabiashara wa Butembo ikapasuka tairi. Pa.

Nitasema ukweli. Nilijitupa chini kando ya kinu na kufunika kichwa. Nilimsikia mtoto akilia, na bado nikalala hapo kidogo. Sijui ni muda gani. Nilipoingia, mafiga yalikuwa yamesogea na chungu kimelala. Msichana alikuwa tayari shimoni, amemkumbatia mdogo wake kama alivyofundishwa. Yeye hakulia, ingawa mguu wake ulikuwa umeungua. Maji ya maharagwe yalikuwa yamemwagikia mdogo mgongoni na tumboni.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimpaka dawa aliyokuwa nayo. Mtoto aliishi siku tatu.

Tuliporudi kutoka kumzika, msichana alinivuta kitenge.

"Mama, nilikimbia muzuri?"

Nikamwambia ndiyo. Sikuweza kumwambia kwamba baba yake alimfundisha njia, na mimi ndiye niliyeweka moto juu ya njia hiyo. Bwana wangu alisikia swali hilo. Aliyabeba mafiga moja moja hadi nje, akafukia masizi kwa udongo, na tangu siku hiyo hakupiga tena ule mlango.

Wiki chache baadaye risasi za kweli zilikuja, karibu kabisa. Nilimwita msichana, nikamsukuma, akang'ang'ania mlango. Kati yake na shimo palikuwa na udongo mtupu, umekauka, lakini hakukubali kuukanyaga. Nilimbeba juu ya mahali pale, miguu ameikunja, mpaka nikamweka shimoni. Safari hii niliingia pamoja naye.