Kikopo cha Maji ya Chumvi na Kizungu Changu

Mimi si mtu wa kujificha. Shuka Ggaba, kwenye mwalo wa samaki, uulize ni nani alianza kwa kubeba samaki kichwani, maji yakimchuruzika mgongoni, na leo ana malori matatu ya barafu yanayofika mpaka wa Kenya. Utaonyeshwa mimi. Shule niliacha darasa la nne, na nyumba yangu ya Kyebando ina ghorofa. Haya huyasema kabla sijaulizwa. Aibu yangu nayo ilitoka kwenye kinywa hikihiki.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea. Sisi ni Wanubi; baba alikuwa askari, akafa mapema, dada akakaanga maandazi nikala. Mwaka juzi alianza kukohoa kikohozi kikavu, pumzi ikawa fupi mpaka hawezi kumaliza Alhamdu bila kupumzika. Alikuwa ametumia dawa kali za maumivu ya viungo kwa muda mrefu, na daktari akasema dawa hizo hupunguza kinga ya mwili. Alishuku nimonia ya fangasi.

"Fangasi kama ukungu wa mkate?" dada akauliza.

"Ndugu yake, Hajati. Huyu anapenda mapafu."

Kuna mpira mwembamba wenye kamera, alieleza, unaopitishwa puani hadi mapafuni, wanamwaga maji kidogo na kuyavuta. Lakini siku hizi wanaweza kuanza na njia nyepesi: mgonjwa asukutue koo kwa maji ya chumvi, ateme kwenye kikopo, mashine ya maabara itafute alama za fangasi humo.

Dada alinishika mkono. "Mdogo wangu, mpira huo utaniua. Nitafutie hicho kikopo."

Nikaenda maabara na koti langu na simu zangu mbili. Binti wa maabara akaniuliza, "Ssebo, bwana wangu, nikueleze kwa Kiganda, Kiswahili, au Kizungu?"

"Kizungu," nikasema. "Mimi na wazungu tunakula meza moja."

Akaeleza. Nikaitikia kwa kichwa, yes, yes, nikashika neno la chumvi na neno la asubuhi. Mengine yalinipita kama gari la mazishi. Akanipa kikopo na karatasi ya maelekezo. Nikaikunja vizuri nikaitia mfukoni.

Nililala wodini, kwenye mkeka chini ya kitanda cha dada, kama wauguzaji wote. Alfajiri akaamka, akachukua mswaki wake wa mti, akasugua meno moja moja. Kisha akatawadha kwa birika lake, akasukutua mara tatu mpaka kooni, kwa bidii ya mtu asiyejua kama ataiona sala ijayo. Akasali ameketi. Ndipo nikampa maji ya chumvi na kikopo, akasukutua, akatema. Nikakipeleka maabara nikitembea kama nimebeba dhahabu.

Majibu yakaja: hakuna kitu. Binti yule alinifuata koridoni, safari hii akiongea Kiswahili. "Mzee, hakupiga mswaki wala kusukutua kabla ya kikopo, kama nilivyokueleza? Akisafisha kinywa kwanza, tunachotafuta kinaweza kwenda na maji."

Nilielewa kila neno. Nikamwona dada akilini, na birika lake. Kulikuwa na watu wawili benchini, wananitazama.

"Hakugusa kitu," nikasema. "Nilisimamia mwenyewe."

Basi wakaamua mpira. Dada alivua ushungi, akaniangalia, nikaangalia mlango. Hawakufika mbali. Pumzi ilishuka, wakautoa haraka, wakamrudisha kwenye oksijeni na damu puani. Daktari akasema atapumzika, watajaribu tena keshokutwa. Dada alipopata sauti, ilikuwa kama ya mtu aliyemeza mchanga.

"Ulisema kikopo."

Nilishuka maabara. Nikamwambia binti yule nimemdanganya, na kwamba Kizungu changu kinaishia kwenye salamu. Hakucheka, ingekuwa afadhali angecheka. Akatoa kikopo kipya, akaeleza kwa Kiswahili polepole, kisha akasema, "Sasa nirudishie, mzee. Anza mwanzo." Mimi, mwenye malori, nikasimama nikirudia kama mtoto wa darasa la kwanza: asile, asinywe, asipige mswaki, asisukutue, kikopo kwanza.

Alfajiri nilimzuia dada mkono kwenye birika. "Kikopo kwanza, dada. Udhu baadaye."

"Ndivyo inavyotakiwa?"

"Ndivyo."

"Na ile juzi?"

"Aliniambia kwa Kizungu. Sikuelewa, nikajifanya nimeelewa."

Alinitazama sana. "Na mimi ninavyokusifu kwa watu!" Akasukutua, akatema, akanyoosha mikono nimmiminie maji.

Safari hii fangasi ilionekana. Mpira haukurudi tena. Akapewa dawa yake, na baada ya wiki tatu akapanda ngazi zangu bila kusimama. Leo wageni wakimuuliza ugonjwa ulijulikanaje, husema, "Kwa mate tu, na mdogo wangu ndiye aliyeyapeleka." Ya Kizungu amenifichia.

Anajua sikuelewa. Hajui kwamba niliulizwa koridoni, kwa lugha ninayoijua, kabla mpira haujamgusa, nikasema uongo kwa sababu ya watu wawili wa benchini ambao hata sura zao sizikumbuki. Hilo sijaweza kumwambia uso kwa uso. Dada hajui kusoma. Binti yake anajua, nami nitampa karatasi hizi nilizoandika haya yote amsomee, mimi nikiwa nimekaa hapohapo.