Bomba Lililoonja Bila Kumeza

Mama mkwe wangu alikuwa na mche wa sabuni aliouweka kwa ajili ya kifo chake. Aliufunga kwa kitambaa cheupe, akautia kwenye chungu kilichomeguka mdomo, na chungu akakining'iniza juu darini, mahali moshi unapopita na panya hawafiki. Ilikuwa ile miaka ya themanini mwanzoni, sabuni ilipokuwa adimu kuliko nyama. Tulifua kwa majivu, tulioga kwa maji matupu, na wanawake tukikutana kanisani tulinusana kwa mbali kujua nani amepata. Yeye alisema, "Mimi nimeishi na tope maisha yangu yote. Siku ya kwenda kwa Mungu nitaoshwa na sabuni." Hakuna aliyethubutu kuigusa. Hata mume wangu, ambaye ni mwanawe wa kumzaa, aliwahi kuomba akatiwe kidogo anyolee ndevu za Krismasi, akaambiwa aende kanisani na ndevu zake, Mtoto Yesu hatashtuka.

Nimeanza na sabuni lakini habari yenyewe ni ya bomba. Mnisamehe. Mimi kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na mwalimu kila mara alikuwa akiniambia, "Mama, anza na mwanzo." Nami nilimuuliza mwanzo uko wapi, hakunijibu vizuri mpaka leo.

Tulikaa Rhotia, upande wa juu, karibu na msitu wa Ngorongoro, ambako ukungu ukishuka mwezi wa sita unaweza kwenda kumfungua ng'ombe wako ukajikuta umemshika wa jirani. Chemchemi ilikuwa juu ya shamba letu, lakini ng'ambo ya korongo. Kila tone la maji ya nyumba ile lilishuka korongo na kupanda korongo mgongoni mwa mtu. Masika ya mwaka ule Mama mkwe aliteleza humo na kibuyu chake, akaumia nyonga. Akalala wiki nyingi. Alipoinuka alitembea kwa fimbo, na korongo hakuliweza tena.

Hapo ndipo shemeji yangu mkubwa alipokuja kutoka Endabash. Huyu ni kaka wa mume wangu, mtu mzuri, ila akikohoa tu anataka watu wote waitike. Alikaa kwenye kigoda, akaniambia, "Shemeji, sikulaumu. Lakini mama mzee hawezi kukaa anakunywa maji ya kubembeleza. Kwangu bomba la kijiji liko mlangoni. Nikimaliza kuvuna nakuja na trekta, namweka kwenye trela, namchukua."

Alipoondoka Mama akasema, "Trela! Mimi ni gunia la mahindi?"

Alicheka, lakini jioni ile hakula. Kaburi la mumewe lilikuwa pale nyuma ya zizi. Kondoo wake walikuwa pale. Na mimi nilikuwa pale. Niseme ukweli, mume wangu alifanya kazi hotelini kule ukingoni mwa kreta, akirudi nyumbani mara chache, kwa hiyo niliolewa na yeye lakini niliishi na mama yake. Mama ndiye aliyenifundisha kukamua ng'ombe mkali, ndiye aliyenichekesha nilipofiwa na mama yangu mzazi. Nikawaza nyumba ile bila kikohozi chake asubuhi. Nikaona hapana. Maji lazima yaje mlangoni kabla ya trela.

Nilimtumia mume wangu salamu kwa dereva wa lori la mboga. Bahati njema, hotelini walikuwa wakibadilisha mabomba. Yeye alikuwa msaidizi wa fundi, akaomba masalio, akapewa kwa ruhusa mbele ya watu, naandika hivyo kwa sababu Rhotia watu wana maneno. Akaja na vipande vya bomba jeusi la plastiki, vingine virefu, vingine vifupi, pamoja na mfuko wa viungio vya aina ambayo sisi hatujapata kuiona. Havikuwa na nati ya kukaza wala havikutaka moto wala gundi. Ni kama kikombe chenye midomo miwili. Unasukuma bomba huku, unasukuma jingine kule, basi. Ndani kuna mpira wa duara, na nyuma ya mpira kuna meno madogo ya chuma yanayoshika bomba lisirudi nyuma.

Likizo yake ilikuwa fupi, akanifundisha sebuleni, Mama akiwa kwenye kitanda chake anatazama.

"Kata bomba wima kwa msumeno huu, si kwa panga. Ukikata mshazari, limeharibika. Kwaruza mdomo kwa kisu uwe laini usikate mpira. Halafu weka alama ya mkaa hapa, urefu wa kidole gumba. Sukuma. Litagoma. Hapo limefika kwenye mpira tu, usidanganyike. Sukuma tena kwa nguvu mpaka ligome mara ya pili na alama ipotee ndani. Ndipo uvute. Vuta kweli kweli. Likitoka, hukuunga kitu."

Mama akasema kutoka kitandani, "Yaani mara ya kwanza limeonja. Mara ya pili ndiyo limemeza."

Mume wangu akacheka mpaka akaangusha msumeno. Kuanzia siku ile hayo yakawa maneno ya nyumba yetu. Mgeni akichungulia mlangoni akaondoka bila kukaa, Mama alisema, "Huyu ameonja tu." Hata katekista alipohubiri kwa kifupi Jumapili moja, Mama alisema hivyo hivyo, na kwa sauti.

"Na ili liteleze," mume wangu akaendelea, "mnapaka sabuni kidogo kwenye ncha."

Bila kukusudia, mimi na yeye tukainua macho darini.

"Msiangalie huko," Mama akasema.

"Mama, kidogo tu, kama ukucha."

"Mafuta ya kondoo si yapo? Ngozi ikikauka tunapaka. Mlango ukilia tunapaka. Mtoto akikohoa tunampaka kifuani. Bomba ni nani likatae?"

Mume wangu alikuna kichwa. Lakini lori la mboga lilikuwa linapiga honi barabarani, na mimi pia niliona mama amesema la maana. Akaondoka.

Nikachimba mtaro kwa jembe, kutoka chemchemi hadi chini ya korongo, na kutoka chini ya korongo hadi mlangoni. Mama alijikongoja mpaka ukingoni, akakaa juu ya gunia, kazi yake kushikilia ncha ya bomba kwa miguu yake nisije nikasukuma likanikimbia. Mafuta yale ya kondoo yalikuwa matamu kwa kazi! Bomba liliingia kwenye kiungio kama mkono unaingia kwenye maziwa. Nilijisifu. Nikasema hawa mafundi wa hoteli wanajitia ugumu bure.

Maji yalipofika mlangoni yalitema upepo kwanza, yakatema tope, yakatema na kiluwiluwi kimoja kilicho hai, halafu yakatulia yakawa meupe. Mama aliweka kiganja chini yake akakiacha hapo mpaka kikafa ganzi. "Baridi yake ni ile ile ya chemchemi," alisema, kana kwamba alitegemea yabadilike njiani.

Asubuhi ya pili yake nilifungua koki, ikatoa sauti kama ya mtu anayelala na mdomo wazi. Nikashuka korongoni. Jamani. Mtaro umefukuliwa, udongo umetupwa huku na huku, na nyayo za fisi zimejaa kama siku ya mnada. Walisikia harufu ya mafuta ya kondoo chini ya ardhi wakafikiri kuna mzoga. Viungio viwili vilikuwa vimetafunwa mpaka vimefanana na mua uliokwisha kunyonywa. Na kile cha chini kabisa, pale ambapo maji yanakuja na nguvu zote za mlima, fisi hawakukigusa. Kiliachia chenyewe. Bomba lilikuwa limechomoka, safi kabisa, bila hata mkwaruzo wa yale meno ya chuma.

Nikalitazama kwa muda ndipo nikaelewa. Mafuta yalikuwa yamefuta alama ya mkaa. Kwa jinsi lilivyoteleza, sikusikia kugoma kwa kwanza wala kwa pili. Nilikuwa nasukuma kwa kujisifu. Limeonja, halikumeza. Na vingine vingi nilipovivuta vikatoka vivyo hivyo, mipira yake imevimba kwa mafuta kama midomo ya mtu aliyeumwa na nyuki.

Siku hiyo hiyo mtu aliyetoka mnadani Karatu akaleta salamu za shemeji. Amemaliza kuvuna. Anakuja Jumamosi.

Nilikaa jikoni nikalia, na moshi ukanisaidia kusema ni moshi. Mama akaja na fimbo yake, akasimama chini ya dari.

"Nishushie chungu."

"Hapana, Mama."

"Nishushie, mwanangu, nisije nikapanda mwenyewe nikavunja na nyonga ya pili."

"Ile ni ya siku yako."

"Siku yangu nikiikosa sabuni mtanisugua kwa majani. Nitakuwa nimekufa, nitasikia nini? Lakini trela nitaisikia kila shimo mpaka Endabash."

Nikashusha. Alifungua kile kitambaa mwenyewe. Sabuni ilikuwa imekauka, imekuwa ya rangi ya asali, inanuka moshi. Akakata kipande kwa kisu, akakitazama, akakata kingine. Cha kwanza tukakiloweka kwenye kikombe mpaka kikatoa ute.

Mara hii alama sikuweka ya mkaa. Nilikwaruza bomba kwa msumari pande zote. Sehemu zilizoingia mafuta nikazikata, na kwa kuwa viungio vizima vilikuwa vimebaki vichache, nikavuta mtaro upite njia fupi, ingawa ilinibidi nipasue jiwe. Mama akakaa juu ya gunia lake. Ukungu ulikuwa mzito hatuonani, kwa hiyo tulifanya kazi kwa kupigiana kelele.

"Limeonja?"

"Limeonja!"

"Sukuma!"

"Nasukuma!"

"Limemeza?"

"Limemeza, alama haionekani!"

"Vuta!"

Nikavuta mpaka nikaketi matakoni. Halikutoka. Mara hii, kwa sabuni, nilisikia kila kitu mkononi: ule ugumu wa kwanza, halafu wa pili ulio chini zaidi, kama kufika mwisho wa ngazi gizani na mguu ukaambiwa hapa ndipo sakafu. Jirani mmoja alikuwa anapita juu na punda, akasimama kwenye ukungu akauliza, "Mama, mnamlisha nani huko chini?"

"Nyoka mweusi," Mama akamjibu. "Pita haraka, hajashiba."

Punda ndiye aliyetangulia kukimbia.

Tukafukia, tukapanga mawe juu, na juu ya mawe nikaweka miiba. Usiku nililala na sikio moja wazi. Asubuhi maji yalikuwepo. Ijumaa yalikuwepo.

Jumamosi tukasikia trekta. Shemeji alikuwa ametandika godoro ndani ya trela, na blanketi, na mto, kweli alijitahidi. Akamkuta mama yake amekaa juu ya jiwe chini ya koki, amekunja nguo magotini, anaosha miguu kwa kile kipande cha pili cha sabuni. Polepole, kidole kwa kidole.

"Mama, shikamoo. Twende."

"Marahaba. Unaniona ninaoga."

Shemeji akatazama bomba. Akalifuata kwa macho mpaka linapozama ardhini. Pale mlangoni kulikuwa na kiungio kimoja kilichobaki nje, kwa sababu nilichoka kuchimba. Akakiinamia.

"Hiki kitu hakina nati wala gundi. Shemeji, hii itaachia wiki ijayo, na wewe utabaki na mgonjwa."

"Limemeza hilo, haliachii. Vuta," nikamwambia.

"Nini?"

"Vuta, shemeji. Kwa nguvu zako zote."

Akashika huku na huku akavuta. Yeye ni mtu wa magunia, shingo ilimvimba. Akaweka mguu ukutani akavuta tena. Kiungio kimekaa kimya kama hakuna mtu. Akakiachia, akajifuta viganja kwenye suruali.

Ndipo Mama akamnyooshea mkono wake uliojaa povu. "Sasa vuta na huku tuone."

Akaushika ule mkono. Mimi niliogopa, kwa sababu akivuta, nani atamzuia, ni mwanawe wa kwanza. Alibaki ameushika. Ukateleza kidogo kwa sabuni, naye akaukamata tena kwa mikono miwili, akaanza kucheka, na alipoanza yeye Mama naye akaanza, mpaka nyonga ikamuuma akamwambia aache.

"Basi, Mama. Umemeza."

"Nilimeza zamani, wewe ulikuwa hujazaliwa."

Shemeji alikula makande, akanywa maji vikombe viwili kutoka kwenye koki huku anaguna. Godoro akaliacha kwa mama yake. Alipowasha trekta Mama alimfuata mpaka kwenye kona na fimbo yake akimpigia kelele apite pembeni asimkanyagie bomba.

Mama aliishi nasi miaka mingi baada ya hapo. Mche uliobaki ulirudi kwenye chungu na chungu darini. Siku yake ilipofika, madukani kulikuwa na sabuni za kila rangi, za kunukia waridi, na wakwe wenzangu walileta. Nikapanda mwenyewe nikashusha ile ya moshi. Nilikinga maji mlangoni, nikamwosha nayo.