Paka wa Mokowe na Dim Sum

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama muuza mahamri, karibu na jeti ya Mokowe, Lamu, alipofika mteja wake wa kila asubuhi, Mchina anayefanya kazi bandarini. Siku hiyo hakuja kununua. Alishika kikapu cha mianzi kwa mikono miwili, akakifunua. Ndani mlikuwa na vitu vyeupe mfano wa sambusa ndogo, vimepikwa kwa mvuke, unga wake mwembamba hata kamba wa baharini waliomo wanaonekana.

"Bi, hii dim sum. Kwetu, chai na hii. Kamba tu. Nguruwe hapana."

Mama akanitazama. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikanong'ona, "Na jana sufuria yake ilipika nini?"

Alipoondoka tu, mama akawamwagia paka. Lakini kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, kwa hiyo kesho yake alikirudisha kimejaa mahamri. Yule bwana akafurahi, akajua vimependwa, akaleta vingine. Paka wakashiba tena.

Juzi muuza kamba akaniuliza, "Vile vya Mchina vilikuwa vitamu? Maana kamba alinunua kwangu, na sufuria mpya akanituma mimi nikamnunulie, asije akawalisha haramu."

Nilimtafuta nimwombe radhi. Kazi yake imekwisha, amerudi kwao, na huko bila shaka anasimulia jinsi watu wa Lamu wanavyopenda dim sum. Ukitaka kujua ladha yake, usiniulize mimi. Waulize paka.